Mahaba ya Ng'ambo
Kuna bwana hapa Ras Kitau, kisiwani Manda, kila jioni huketi pwani, uso kauelekeza Shela ng'ambo ya mkondo, akihema kwa mchumba wa zamani. Nyuma yake mkewe anapepea makaa, samaki wa kupaka karibu kuiva. Kosa la mama huyo ni moja tu: yupo.

Haya, hata Washela asili yao ni Takwa, papa hapa Manda, mji uliohamwa karne ya 17, na bado huvuka kwenda kuomba mvua kwenye kaburi la nguzo. Lakini wakimaliza dua hurudi kwao. Hawasusii nyumba kwa mahaba ya gofu.

Bwana, boti za Shela zipo mchana kutwa. Nauli atakuchangia mkeo.