Sifa za Mchoro Mbovu

Katika jiometri, yaani tawi la hisabati linaloshughulikia maumbo na vipimo vyake, hakuna kitu kilichodhulumiwa kama mchoro mbovu: lile duara lenye sura ya embe linalochorwa ubaoni kwa mkono mtupu, na ndani yake pembetatu ambayo fumbo linadai kwamba pande zake mbili ni sawa, ilhali hata mtoto wa chekechea anaona kuwa mmoja umeuzidi mwenzake. Watahini hujikinga nao kwa kuandika chini yake kwamba haukuchorwa kwa kipimo, wanafunzi wenye mkebe uliotimia bikari, rula na kipimapembe huucheka, na wachapishaji wa vitabu hawaupi nafasi hata kwenye ukurasa wa mwisho. Dhuluma hiyo inastahili kurekebishwa, kwa sababu mchoro mbovu una fadhila ambazo mchoro safi hautazipata kamwe, na kubwa kati ya hizo ni kwamba haumruhusu mtu yeyote kuuamini.

Chukuliwe mfano wa duara lililokatwa kwa kipenyo, ambacho ni mstari upitao kwenye kitovu na kuishia kwenye mzingo pande zote mbili. Nukta yoyote nyingine ya mzingo ikiunganishwa na ncha mbili za kipenyo hicho, hupatikana pembetatu ambayo pembe yake iliyo kwenye nukta hiyo ni pembe mraba, yaani ya nyuzi 90. Mwanafunzi aliyejaliwa mchoro safi huweka kipimapembe, husoma 90, hufunga daftari na kwenda zake bila kujua lolote kuhusu sababu. Mwenzake mwenye embe husoma 83, na kwa kuwa 83 haikubaliki, hana budi kuacha kupima na kuanza kufikiri, mpaka atakapochora nusu kipenyo kutoka kitovuni hadi kwenye ile nukta, mstari ambao fumbo halikuutaja popote. Hapo pembetatu moja huwa mbili, na kila moja ina pande mbili ambazo ni nusu kipenyo cha duara lile lile, kwa hiyo kila moja ni pembetatu pacha, yenye pande mbili na pembe mbili zinazolingana. Na kwa vile pembe zote za pembetatu kubwa hufanya nyuzi 180, nazo zimeundwa na jozi mbili za pembe hizo, pembe moja kutoka kila jozi hukutana na mwenzake kwenye mzingo na kufanya nusu yake, yaani 90. Ugunduzi huo haukuletwa na bidii bali na aibu ya 83.

Maadui wa mchoro mbovu wana hoja moja nzito, nayo ni uthibitisho wa uongo ambao Mwingereza W. W. Rouse Ball aliuchapisha katika kitabu chake cha burudani za hisabati cha mwaka 1892, unaoonyesha kwamba kila pembetatu ni pembetatu pacha. Huchukuliwa pembetatu ABC isiyo na pande zilizo sawa. Huchorwa mstari unaoigawa pembe A nusu kwa nusu, na mwingine unaoukata upande BC katikati kwa pembe mraba, na mahali inapokutana mistari hiyo huitwa P. Kutoka P huchorwa mistari miwili inayofika AB na AC kwa pembe mraba, penye E na F. Kwa kuwa P iko kwenye mstari unaoigawa pembe A, AE ni sawa na AF, na PE ni sawa na PF. Kwa kuwa iko pia kwenye mstari wa katikati ya BC, umbali wake hadi B ni sawa na umbali wake hadi C, na kwa hiyo EB nayo ni sawa na FC. Basi AE na EB zikijumlishwa hutoa AB, AF na FC hutoa AC, na pande zisizolingana zimelingana.

Msomaji hupekua hoja hatua kwa hatua asione penye kasoro, kwa sababu kasoro imo katika mchoro, ulioiweka P ndani ya pembetatu. Mahali pake pa kweli ni nje, juu ya duara linalopita kwenye kona zote tatu, katikati ya tao la BC, yaani kile kipande cha mzingo kilicho kati ya B na C mkabala na A. Na kati ya E na F, moja huangukia juu ya upande wake na nyingine nje ya upande wake, kwenye mwendelezo wake, hata upande mmoja hupatikana kwa kujumlisha na wa pili kwa kutoa. Lakini haki itendeke. Mkosaji hapo ni mchoro mtanashati, wenye mistari iliyonyooka na herufi zilizopangwa, uliopotoka mahali pamoja tu, tena kwa adabu kiasi kwamba hakuna aliyeushuku. Mchoro mbovu wa kweli, ule ambao hata A yake haisomeki, haujapata kumdanganya mtu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuutegemea.

Aliyetegemea mchoro kwa gharama kubwa zaidi ni Euclid, Mgiriki aliyeandika Elements yapata mwaka 300 kabla ya Kristo. Katika tatizo la kwanza kabisa la kitabu hicho huchora maduara mawili, kila moja likiwa na kitovu kwenye ncha moja ya mstari na kupita kwenye ncha ya pili, kisha huichukua nukta yanapokatana kuwa kona ya tatu ya pembetatu yenye pande tatu sawa. Kwamba maduara hayo lazima yakatane, hakusema popote. Mchoro ulionyesha yanakatana, na ulionyesha vizuri mno. Zilipita karne zaidi ya 20 kabla ya Mjerumani Moritz Pasch, mwaka 1882, kuona haja ya kuandika kama kanuni ya msingi kwamba mstari ulionyooka ukiingia katika pembetatu kwa kukata upande mmoja, bila kupita kwenye kona, hauna budi kutokea upande mwingine, jambo ambalo kila mchoro safi ulikuwa umelieleza kwa uhakika hata ikaonekana utovu wa adabu kuliuliza. Mkono unaotetemeka ungaliyapisha yale maduara bila kugusana, na swali lingaliulizwa mapema.

Mwaka 1899 David Hilbert aliifikisha kazi hiyo mbali zaidi, katika kitabu cha misingi ya jiometri ambamo nukta na mistari hutawaliwa na kanuni zilizoandikwa tu, na hoja hairuhusiwi kuazima chochote kutoka kwa jicho. Kitabu hicho, kisichohitaji mchoro hata mmoja, kilichapishwa kikiwa na michoro, na kwa bahati mbaya yote ni safi.