Bila waya, si bila karaha

Aliyetuuzia mashine ya kupima umeme wa ubongo isiyo na waya alituapia kwamba taabu zimekwisha. Kumbe zilikuwa zimejibana palepale pa siku zote, kati ya elektrodi na ngozi ya kichwa. Bluetooth inavuka chumba kizima bila kujikwaa, halafu umeme unashindwa kuvuka mafuta ya nazi.

Ukishavalisha kofia yenye elektrodi, skrini inachora kichwa chenye taa, moja kwa kila elektrodi. Kijani heri, nyekundu shari. Tunataka ukinzani uwe chini ya kiloomu 5, au 10 tukiwa na huruma. Ukipanda, maikrovolti chache za ubongo zinamezwa na umeme wa ukutani wa hezi 50, na daktari anasoma feni akidhani anamsoma mgonjwa.

Taa zote zikiwa nyekundu, kila mpita njia ni fundi. Huyu anataka betri ibadilishwe, yule analaumu intaneti, ambayo haimo kabisa kwenye kesi hii. Zikiwaka zote kwa mpigo, kamata kwanza elektrodi rejea, ile ya nyuma ya sikio, kwa kuwa wenzake wote hupimwa dhidi yake. Ikiwaka moja tu, ifuate hiyohiyo: tenga nywele, sugua ngozi taratibu, ongeza jeli. Ila usimwage! Jeli za majirani zikikutana, elektrodi mbili zinageuka moja, na taa zinabaki kijani zikikucheka.

Nywele nazo! Waliobuni kofia hizi nadhani walianzia kwenye upara. Dada kaja na rasta alizosukwa kutwa nzima kwa hela yake. Nani wa kumwambia afumue? Kule Pittsburgh, Marekani, watu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walibuni vibanio vya kushika elektrodi katikati ya mistari ya twende kilioni. Hapa kwetu tunasukumana na kofia ileile.

“Mjukuu wangu, si umesema haina waya?” aliniuliza bibi mmoja. “Mbona wanipaka uji?”

“Ni jeli, bibi.”

“Itoke kabla ya jioni. Nina harusi.”

Juzi muuzaji karudi, safari hii na elektrodi kavu zisizotaka jeli. Nikamsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamwita bibi aliyekuwa mbele kwenye foleni, akafungua kilemba, mafuta yanang'aa. Nikampa muuzaji kofia yake: “Haya, mvalishe.”