Kichwa cha Samaki Kimetwaliwa na Serikali

Kent, Washington
Mwishoni mwa Novemba

Kwa Ami yangu mpenzi, pamoja na wote wanaohudhuria baraza yako ya Timbwani baada ya sala ya isha,

Nawaarifu kwamba mimi huku ni mzima wa afya, ila vidole vya miguu sina hakika navyo, kwani tangu jana sijavisikia. Ama baad. Kilichonishikisha kalamu usiku huu, ilhali kesho nina zamu ya alfajiri, ni kwamba jana, mbele ya macho yangu na ya mashahidi watatu, mtu wa serikali alikikata kichwa cha samaki wangu, akakitia katika mfuko wa plastiki, akaandika karatasi, akanishukuru kwa adabu isiyo kifani, akaenda zake nacho. Nami nikasalia ukingoni mwa mto nimekumbatia kiwiliwili.

Najua habari hii itamtia simanzi Shangazi kuliko mwingine yeyote, maana ndiye aliyetulea katika itikadi ya kwamba samaki ni kichwa, na kwamba sehemu iliyobaki Mwenyezi Mungu aliiumba ili kichwa kipate cha kukisukuma. Mwambieni nilipinga. Mwambieni pia kwamba upinzani wangu ulikuwa wa kimoyomoyo, kwa kuwa yule bwana alikuwa na kitambulisho, nami kwa watu wenye vitambulisho nimejifunza unyenyekevu mkubwa tangu nilipotua nchi hii.

Asili ya mambo ni jirani yangu, mzee wa Kimarekani aliyestaafu, mwenye fimbo za kuvulia nyingi kuliko sahani za nyumbani mwake. Aliposikia kuwa natoka Likoni, penye bahari, aliamini papo hapo kwamba nilizaliwa na mshipi mkononi, na mimi, kwa heshima ya uzee wake, sikuona vema kumvunjia imani. Wewe, Ami, uliyekuwa ukinishika ukosi nikitapika kwenye feri hata kabla haijang'oa nanga upande wa kwetu, nakusihi ukipata barua yake usimjibu. Wa tatu katika safari yetu ya kuvua ni sahibu yangu wa Lamu, mvuvi kwelikweli, anayeendesha lori huku. Na wa nne ni mwenzetu wa Nyeri, ambaye njia nzima alituhadithia habari za trauti, jamaa wa samoni tuliyemwendea, aliyeletwa Kenya na Ewart Grogan mwaka 1905 akatiwa katika mto Gura, nasi tulipomwuliza trauti ana ladha gani, alisema hajapata kumwonja.

Njiani tulivuka mto Nisqually, na mzee akapunguza mwendo ili atusimulie habari za Billy Frank, mtu wa kabila la mto huo, ambaye mwaka 1945, akiwa na umri wa miaka 14, alikamatwa kwa kosa la kuvua katika maji ya babu zake, akaendelea kukamatwa zaidi ya mara 50 katika maisha yake. Mpaka mwaka 1974 Jaji George Boldt akahukumu kwamba makabila ya huku, yalipoachia ardhi kwa mikataba ya miaka ya 1850, hayakuiachia haki ya kuvua, na kwamba fungu lao ni nusu ya samaki wote wanaofaa kuvuliwa. Nusu, Ami! Garini pakawa kimya. Kisha wa Lamu akakumbusha kwamba kwao nako, mwaka 2018, mahakama iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyoipata kwa ajili ya bandari mpya, akauliza kama jaji huyu Boldt angeweza kualikwa Lamu kwa mashauri mengineyo. Mzee akasema kwa masikitiko kwamba ni marehemu.

Tulikuwa tukienda mto Cowlitz, unaoteremka kutoka barafu za mlima Rainier, na samaki tuliyemwendea ni samoni wa jinsi ya koho, ambaye msimu wake ulikuwa ukielekea ukingoni. Samoni huyu huzaliwa katika changarawe za mto, hukaa humo mwaka na ushei, kisha hushuka baharini akazurura katika Pasifiki mwaka na nusu hivi, akila na kunenepa. Na ajali yake inapokaribia hukata shauri la kurudi, wala harudi katika mto wowote ule, bali katika mto aliozaliwa, akiufuata kwa harufu yake, bila dira wala rubani. Akiisha kuingia maji matamu huacha kula kabisa. Rangi yake ya fedha hugeuka nyekundu ya tofali, taya humpinda, meno humchomoza, ngozi humchakaa, na akimaliza kutaga hufa. Mzee alipokuwa akitueleza hayo, wa Lamu alinitazama kwa muda, akasema, "Basi wewe usikimbilie kukata tiketi." Kwa hiyo Mama akiuliza tena ni lini nitarudi, msomeeni aya hii polepole, na mumweleze kwamba mwanawe bado ana rangi ya fedha.

Sasa fikiri, Ami, utamvuaje samaki aliyefunga? Sisi Timbwani tumezoea samaki mlafi, unayemtegea dema lenye kitu cha kumtamanisha ndani, akaingia kwa tumbo lake mwenyewe na lawama akajibebesha. Huku samaki huchokozwa. Unampitishia mbele ya pua kidude cha bati kinachozunguka na kumetameta, au fundo la mayai ya samoni yaliyotiwa chumvi na rangi ya waridi ya kutisha (mayai yale yale ambayo Shangazi angeyakaanga na kuyakamulia ndimu), unampitishia tena na tena, mpaka ghadhabu imzidi, akakiuma si kwa njaa bali kwa kukiondoa njiani. Na ndoana yenyewe miaka ya nyuma ilikuwa lazima iwe imebanwa kile kijino chake cha kuzuia, ili samaki akitaka kuchopoka asipate taabu. Na akinaswa ubavuni au mkiani, si wako, maana imehesabiwa kuwa hakukubali. Na jua likichwa, baada ya muda wa saa moja, mshipi ukunjwe. Niliwaeleza habari za karabai na dagaa wa usiku, mzee akaangalia nyuma kama kuna anayetusikiliza.

Lakini hayo yote ni dibaji tu. Kanuni yenyewe ni ya pezi. Mgongoni mwa samoni, baina ya pezi kubwa na mkia, pana kijipezi kidogo cha nyama, hakina mwiba, hata ukikiona hukitilii maanani. Samaki aliyezaliwa porini, kwa baba na mama wake mwenyewe, anacho. Samaki aliyeanguliwa katika vituo vya serikali hukatwa angali mdogo wa kidole; na mara nyingi hakatwi kwa mkono, bali huingizwa katika tela lenye mashine ndani, ambamo kamera humpima urefu, kisu humwondolea pezi, na wengine hudungwa puani kipande cha waya cha urefu wa milimita 1.1, kilichoandikwa namba za kuonyesha alikotoka, halafu hutolewa upande wa pili akaogelea na maisha yake, hajaguswa na mwanadamu. Miaka miwili baadaye, wewe uliyesimama majini umevaa suruali ya mpira inayofika kifuani, mikono imekufa ganzi, unamvuta samaki kwa jasho na dua, na kabla hujamshangilia unatakiwa kumgeuza umkague mgongo: akiwa na kovu, ni halali yako, akiwa na pezi, ni wa porini, na hapo ni lazima umwachilie kwa taadhima, tena bila kumtoa majini kabisa, usije ukamtia jakamoyo.

Nilitafakari sana juu ya kanuni hii, Ami. Kote duniani nilikopita, aliyesajiliwa na serikali akapewa namba ndiye mwenye amani, na asiyesajiliwa ndiye anayejificha; huku mtoni asiyesajiliwa huombwa radhi na kurudishwa kwao kwa heshima, na yule mwenye sijili kamili huliwa na wali. Mimi, ambaye karatasi zangu zote zi sawasawa, nilijikuta najipapasa mgongoni chini ya koti.

Samaki wa kwanza niliyemvuta alikuwa na pezi. Wa pili naye alikuwa na pezi. Mwenzetu wa Nyeri, aliyeshika fimbo kinyume mpaka saa tatu asubuhi, akavua mwenye kovu, akaanza kutushauri. Hatimaye nami nikajaaliwa wangu, koho wa kiume mwenye pua ya kupinda na jicho la dharau, na ukingo mzima wa watu tusiojuana, tuliopangana bega kwa bega, ukanipigia makofi. Hapo ndipo hutakiwi kufurahi bali kuandika: kila mvuvi ana kadi, na samaki akiisha kuwa wako, kabla hujarusha tena, unaandika kwa wino tarehe, mto na jinsi ya samaki, huku vidole havikubali kushika kalamu. Kadi hiyo hurudishwa serikalini kabla ya Aprili kwisha, hata kama hukupata kitu. Yaani mtu asiyevua samaki hata mmoja mwaka mzima anatakiwa kulithibitisha hilo kwa maandishi. Hebu fikiria kanuni hiyo ikifika kwetu, na watu fulani wa baraza yako, ambao sitawataja, wapelekewe kalamu.

Ndipo akaja yule bwana wa serikali na chombo chake, akakipitisha juu ya pua ya samaki wangu, chombo kikalia. Waya ulikuwamo. Alitueleza kwamba sheria inawapa haki ya kukitwaa kichwa, ukasomwe ule waya kwa hadubini, ijulikane samaki alianguliwa kituo gani na mwaka gani, na kwa hesabu hiyo ndiyo hupangwa watu wavue wangapi mwaka ujao. Ni elimu, siikatai. Nilimwuliza kama wakiisha kuusoma waya kichwa hurejeshwa kwa mwenyewe. Alicheka sana, akidhani nimefanya mzaha.

Alasiri tulipanda kuona ukuta mfupi unaokatiza mto hapo kwenye kituo cha kuangulia samoni, kwa maana juu yake kuna mabwawa ya umeme, Mayfield la mwaka 1963 na Mossyrock la mwaka 1968, hili la pili lenye kimo cha zaidi ya futi 600, ambalo hakuna samaki wa kuliruka hata awe na ghadhabu namna gani. Serikali na wenye umeme wakafanya tadbiri: samaki hukosa njia penye ukuta, hufuata maji yanayomiminika kutoka kwenye ngazi, ngazi kweli ya saruji yenye vidato, hupanda kidato kwa kidato mpaka ndani ya kituo, hubaguliwa huyu kulia na huyu kushoto, na wale wa kwenda juu hupakiwa katika lori lenye tangi la maji, wakapita barabara kuu, wakapita na mabwawa, wakamiminwa mtoni upande wa pili. Na watoto wao, wakitaka kushuka baharini, nao hukusanywa kule juu wakateremshwa kwa lori. Wa Lamu, ambaye ni dereva, aliuliza mshahara. Mimi niliegemea ukingo wa ngazi nikiwatazama wanavyosubiri zamu yao, pua zote zimeelekea upande mmoja, hakuna anayesukuma, hakuna mkokoteni, hakuna anayeuza njugu, nikasema moyoni kwamba hawa hawajapata kufika penye feri ya Likoni saa kumi na moja jioni. Kisha, sijui kwa nini, nikatamani sana msukumano ule, na kelele za utingo, na viazi karai vya kwenye karatasi.

Jambo moja zaidi la kukuchekesha. Mwisho wa msimu ukingo wote wa mto hujaa samoni waliokwisha kufa, na tai wenye vichwa vyeupe wakishuka kula. Harufu yake haisemeki. Mzee alijifunga kitambaa puani, wa Nyeri akarudi garini, na wenyeji wote walikunja nyuso. Sisi wawili wa pwani tulisimama pale pale tukivuta pumzi kwa kina, hatusemezani, mpaka mzee akatuuliza kama tunaumwa.

Kiwiliwili tulikipika kwa tui la kopo, ukwaju na pilipili. Nyama ya samoni aliyekwisha kukaa mtoni si nyekundu tena, imepauka, lakini mchuzi ulifuta kasoro zake nyingi. Mwenzetu wa Nyeri alikula sahani mbili, akasema trauti ni mtamu zaidi.

Na sasa neno la muhimu. Mzee huyu amekata shauri kuja Timbwani msimu wa kaskazi, bahari ikitulia, na tayari ameniuliza leseni inauzwa wapi na samaki gani huko kwetu wanaruhusiwa. Mkirimuni kama mlivyozoea, mwende naye, mwonyeshe kutega dema. Ila akija na suruali yake ya mpira ya kufika kifuani, tafadhali watoto wasimcheke mbele yake. Na mkiwa chomboni, Ami, usimkalishe upande wa kapu. Maana changu na tafi wa kwetu wote wana mapezi yao kamili, na nachelea atawakagua mmoja mmoja, atawapa pole, na atawarudisha baharini wote kabla hujawahi kumshika mkono.

Wako akupendaye,
mtoto wa ndugu yako