Muulize Anti Chenga: Mapipa ya Kitwe na kanda zenye ukungu

Wiki hii barua zote zimetoka Lufingo, na zote zina harufu ya ugomvi mmoja. Nasikia ulianzia pale wanapopimia majani mabichi ya chai, ukahamia kwa kinyozi, ukaenda kuharibu kikao cha harusi. Watu wazima wenye familia zao wanagombania vipindi vya televisheni vya maroketi ya maboksi! Mimi sina neno. Mvua ya Rungwe ikishika wiki nzima, watu lazima wapate cha kugombania, na afadhali roketi kuliko mpaka wa shamba.

*Anti Chenga, shikamoo. Babu yangu alifanya kazi migodini Kitwe, Zambia. Anasema miaka ya sitini aliona kwenye televisheni mapipa yanayotembea yakipiga kelele na kuua watu, na mzee mwenye nywele nyeupe aliyesafiri kwa kibanda cha bluu. Mjomba anasema babu ni mwongo, kwa sababu Tanzania hatukuwa na televisheni hadi 1994. Wamenuniana tangu Pasaka. Nimwamini nani? – Mjukuu*

Marahaba, mwanangu. Waamini wote wawili. Mjomba anasema kweli kuhusu Bara. Ni mwaka huo 1994 ndipo vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo Dar es Salaam. (Zanzibar walitutangulia kwa miaka ishirini hivi, tena kwa rangi, na mpaka leo hawajaacha kutukumbusha.) Lakini babu hakusema aliona Lufingo. Kasema Kitwe, na Kitwe walikuwa na televisheni tangu 1961. Zambia, kama Kenya na Uganda, ilikuwa kati ya nchi zilizonunua *Doctor Who* kutoka BBC, mchezo ulioanza Novemba 23, 1963, huyo mzee wa nywele nyeupe akiwa ni mwigizaji William Hartnell. Mapipa ni wale Dalek. Wanyakyusa wangapi walivuka kwenda kuchimba shaba? Ajabu ingekuwa kama hakuna hata mmoja wao aliyewaona.

Kuna jambo moja tu la kumbana babu, tena kwa upole: hiyo bluu. *Doctor Who* haikuonyeshwa kwa rangi mpaka 1970, na Hartnell alishaondoka 1966. Babu aliona kibanda cha kijivu. Bluu kaitoa kwenye simu yako, siku ile ulipomwonyesha picha ukamuuliza, "Ni hiki, babu?" Huo si uongo. Kumbukumbu ya mtu haikai bila kupakwa rangi na wanaomzunguka.

Kwa hiyo usimwonyeshe kitu kingine chochote. Washa kinasa sauti cha simu, kaa kimya, mwache aseme. Sikuombi utafute sehemu iliyopotea. Katika sehemu 253 za miaka sita ya mwanzo, zaidi ya 90 hazijaonekana mpaka leo, na babu hajaficha hata moja darini. Filamu zile zilikuwa zikipokezanwa nchi kwa nchi: mkishaonyesha, mnaituma kwa mwingine, mnairudisha au mnaiteketeza. Zilizobaki zilibaki kwa uzembe wa mtu wa stoo, Mungu ambariki. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba mtafutaji mmoja, Philip Morris, amekuta sehemu tisa huko Jos, Nigeria, kwenye kituo cha televisheni. Alichonacho babu hakipo Jos wala London: jinsi wachimbaji walivyojazana mbele ya kioo kimoja, nani alimtafsiria nani, na kwa lugha gani. Hilo hakuna stoo inayolitunza.

Na mjomba aache ubishi, akumbuke kipunji. Wawindaji wa hapa hapa Rungwe walikuwa wakimtaja kima huyo, na wasomi wakawa hawana uhakika kama ni mnyama au ni hadithi. Mwaka 2003 watafiti wakafuata maneno ya wawindaji, wakamkuta kweli juu ya mti; 2005 dunia ikatangaziwa "ugunduzi". Mjomba apeleke mkungu wa ndizi kwa babu, yaishe.

*Anti, binti yangu wa kidato cha pili anasema kwenye chombo cha anga cha Wamarekani mwaka 1966 kulikuwa na dada mweusi anayeongea Kiswahili. Nimemwambia aache kuvuta intaneti. Nimekosea? – Mama wa Watatu*

Umekosea, mdogo wangu, kamwombe radhi. Ni Luteni Uhura wa *Star Trek*, aliyeigizwa na marehemu Nichelle Nichols. Katika sehemu ya kwanza kabisa kurushwa, Septemba 8, 1966, anatokea kiumbe anayejigeuza umbo la mtu yeyote unayetamani kumwona. Kwa Uhura anajigeuza kijana mtanashati, tena anamsemesha Kiswahili. Shida yake anataka kumnyonya chumvi yote mwilini mpaka afe. Mwonyeshe binti sehemu hiyo kabla hajamaliza shule. Atajifunza mapema kwamba si kila anayekuamkia vizuri kwa Kiswahili ana nia njema.

*Anti Chenga, nimechoka. Mume wangu aliwahi kuwa na banda la video, jenereta na deki mbili. Banda limekufa siku nyingi, kanda zimebaki: makreti manne kwenye chumba cha wageni. Mama mkwe akija analala sebuleni. Zimeota ukungu, zinanuka. Nikitaka kuzitupa anasema humo kuna vitu vilivyopotea duniani, eti hata Wazungu wanavitafuta. Ni kweli au anatetea uchafu wake? – Mke wa Mwenye Banda*

Mwenzangu, pole. Anatetea uchafu wake, na ni kweli.

Nianze na hao Wazungu. BBC wenyewe ndio waliofuta vipindi vyao, kuanzia 1967 hadi 1978. Hawakuwa wendawazimu. Kanda za wakati ule, pana inchi mbili, zilikuwa ghali na zingeweza kurekodiwa tena. Mikataba na waigizaji haikuruhusu kurudia mchezo mara nyingi. Rangi ilikuwa inakuja, nani angetazama tena kijivu? Tena hakuna aliyewaza kwamba siku moja mtu atanunua kipindi akakitazame nyumbani kwake. Ni hesabu ile ile aliyopiga shemeji yako alipochukua kanda ya filamu akarekodi kipaimara juu yake.

Lakini sikia lililookoka. Sauti. Watoto wa Uingereza walikuwa wakiweka kinasa sauti mbele ya televisheni, wanawaambia wazazi wanyamaze, wanarekodi. Ndiyo sababu kila sehemu ya *Doctor Who* iliyopotea bado ina sauti yake, mpaka BBC imeweza kuchora katuni juu yake, kama walivyofanya 2016 kwa *The Power of the Daleks*. Picha ilikwenda, sauti ikabaki.

Kwetu imekuwa kinyume chake. Filamu alizokuwa anaonyesha mumeo, *Robocop*, *Terminator*, na wale mijusi waliovaa ngozi za watu, hazijapotea hata kidogo. Zipo kila mahali, safi kuliko alivyowahi kuziona. Kilichopotea ni sauti ya mtu aliyekuwa anatafsiri. Yule anayewapa maroboti majina ya Kiswahili, anayemtania shujaa kwamba anakimbia kama anadaiwa, anayesimamisha vita ya sayari ili kumtangaza mwenye duka jirani. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, yaani Derek Mukandala. Wakenya wana DJ Afro. Hao wana majina. Wangapi walishika kipaza sauti kwenye mabanda ya huku juu, usiku, jenereta ikikohoa nje, na hakuna aliyewaandika popote? Kama katika makreti manne kuna hata kanda moja yenye sauti ya namna hiyo, Hollywood hawana nakala yake. Mimi binafsi ningeisikiliza kabla ya Dalek yeyote.

Sasa kazi. Toa kreti barazani siku ya jua, ukipata jua. Angalia kwenye kile kidirisha cha kaseti: ukiona unga mweupe umekaa pembeni mwa mkanda kama sukari, usiruhusu iingie kwenye deki, itachafua kichwa cha deki na kuambukiza nyingine. Iweke kando, isafishwe na fundi. Zisizo na unga, msikilize dakika mbili mbili. Inayoongea Kiingereza kitupu, iage. Inayoongea Kiswahili juu ya Kiingereza, ibaki, isimame wima kama kitabu, mbali na jiko na mbali na spika, mpaka ipatikane pesa ya kuihamishia kwenye flashi. Za harusi na vipaimara rudisheni kwa wenyewe, mtashangaa watakavyolia. Kwa makadirio yangu kreti tatu zitaondoka. Moja iingie uvunguni mwa kitanda chenu, upande wa mumeo. Mama mkwe apate kitanda.

*Anti, nisaidie. Nilipokuwa mdogo nilitazama* V *kwa kanda, yule mama Diana akameza panya mzima, sikulala siku mbili. Juzi nimeirudia kwenye simu nikacheka mpaka basi. Ni mpira mtupu! Nimesema hivyo kwa kinyozi, wamenitenga. – Aliyetengwa*

Kwanza, si panya, ni pimbi wa kufugwa, wale wadogo wanaofugwa jikoni. Pili, wamefanya vizuri kukutenga, maana umewavunjia watu utoto wao wakiwa wamekaa chini ya wembe.

Ulitazama *V* ya 1983 kwenye televisheni ya chogo, kwa kanda iliyonakiliwa kutoka nakala ya nakala. Ule ukungu wa picha ulikuwa sehemu ya utengenezaji. Mpira ulijificha ndani yake. Leo umeuweka kwenye kioo kinachoonyesha hadi vinyweleo, halafu unamlaumu mshonaji.

Hukumu za namna hii huwa zinageuka. Mashabiki wa *Doctor Who* waliimba kwa miaka kwamba *The Tomb of the Cybermen*, iliyopotea, ndiyo bora kuliko zote. Ilipopatikana Hong Kong, habari zikatangazwa mapema 1992, baadhi yao walitazama wakakohoa kidogo: kumbe na waya zinaonekana. *The Enemy of the World* nayo ilidharauliwa, kwa kuwa ilibaki sehemu moja tu kati ya sita. Jos ilipoirudisha nzima, Patrick Troughton akaonekana akiigiza watu wawili, Daktari na dikteta, na walewale walioidharau wakaanza kuipanga juu. Kipindi hakikubadilika hata fremu moja.

Kwa hiyo rudia *V*, lakini mara hii achana na Diana. Mtazame kijana Daniel, anayevaa sare za wageni kwa sababu zimempa heshima ambayo hakuwa nayo, kisha anawachongea majirani waliojificha. Kenneth Johnson, mtunzi wake, alikuwa anaandika juu ya ufashisti. Mijusi walikuja kuuza tiketi. Ukimaliza uniambie kama bado unacheka. Halafu rudi kwa kinyozi, nyamaza, nyolewa.

*Anti, kuna mtu amenipigia, yuko Mbeya. Anasema ana sehemu ya tatu ya* The Web of Fear*, ile pekee ya hadithi hiyo ambayo haijaonekana. Ni kanda ya VHS orijino ya 1968. Anataka milioni mbili, nitangulize laki tatu kwa simu. Nifanyeje? Ni nafasi ya maisha! – Mwenye Bahati*

Mwanangu, kaa chini. Sehemu hiyo kweli haipo, na Morris mwenyewe amesema aliiona Jos pamoja na nyingine kisha ikatoweka kabla hazijafika mikononi mwake. Kwa hiyo tapeli wako amesoma, tumpe hongera. Lakini hakusoma hadi mwisho. Mwaka 1968 VHS haikuwepo. Iliingia sokoni Japani mwaka 1976. Vipindi vilivyouzwa nje vilikwenda kwa filamu ya milimita 16, imezungushwa kwenye gurudumu, ndani ya kopo la bati. Kama hana kopo, hana kitu.

Laki tatu zako usizitoe, hata akikwambia tuma kwa namba hii, jina litatokea la shangazi yake. Mwambie kwanza akupigie picha ya hiyo kaseti, mbele na nyuma. Ikija na kibandiko cha harusi, nitumie na mimi. Lufingo naijua vizuri, huenda bwana harusi ni mtu wangu.