Jinsi ya Kuwa Seneta wa Texas kwa Siku 140

Ndugu yangu uliyetoka Tanga au Goma ukapata uraia wa Marekani, nawe sasa umeshatimiza miaka mitano Houston: katiba ya Texas haikuzuii kugombea Seneti ya jimbo. Inataka uwe raia na mpiga kura, uwe na umri wa miaka 26 au zaidi, uwe umekaa Texas miaka mitano na katika eneo lako la uchaguzi mwaka mmoja. Kuwa raia wa kuzaliwa ni sharti la rais na makamu wake tu. Basi shika mwongozo huu mapema, maana ukishaapishwa watakaokuzunguka ni wale wanaocheka kila ukisema jambo.

Kabla ya yote, tafuta kazi nyingine. Seneta wa Texas hulipwa dola 600 kwa mwezi. Kiwango hicho kimo ndani ya katiba tangu 1975, na ili kipande lazima wananchi wenyewe wapige kura. Wananchi hawajaona haraka. Ipo posho ya siku za kikao (msomaji wa Dodoma, acha kutabasamu), lakini haitoshi kumlea mtu mwenye njaa. Ndiyo maana humo utawakuta mawakili na wenye biashara zao. Kwa mshahara huo utawawakilisha watu wapatao 940,000, wengi kuliko wa mbunge wa Texas anayekwenda Washington.

Usidhani ni bahati mbaya. Waliotunga katiba ya 1876 walikuwa wamechoshwa na serikali ya baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, wakaona dawa ya serikali ni kuinyima muda na fedha. Bunge likapewa kikao kimoja cha kawaida kila miaka miwili. Baadaye kikawekewa kikomo cha siku 140. Wenyeji wana utani wao wa zamani kwamba ilikusudiwa kiwe cha siku mbili kila baada ya miaka 140, mwandishi akakosea kunakili.

Kikao hufunguliwa Jumanne ya pili ya Januari ya mwaka witiri, saa sita mchana. Vaa vizuri, piga picha, kisha tulia. Katika siku 60 za mwanzo hutarajiwi kupitisha jambo kubwa, isipokuwa gavana ametangaza kuwa ni la dharura. Tumia muda huo kuwasilisha miswada, na wasilisha mingi. Mwaka 2023 mabunge yote mawili yalipokea zaidi ya 8,000. Iliyopata kuwa sheria haikuzidi sana 1,200. Muswada wako ukifa kamatini usilie. Ulishatimiza kazi yake siku ulipopewa namba, na ile barua ya kuwajulisha wapiga kura wako ikatumwa.

Kusoma miswada ya wenzako ni hiari. Mwaka 1971 mwakilishi Tom Moore wa Waco, katika Bunge la Wawakilishi, alipeleka azimio la kumpongeza Albert DeSalvo kwa mchango wake katika kudhibiti ongezeko la watu. Likapita bila kupingwa. DeSalvo alikuwa yule aliyejulikana kama Mnyongaji wa Boston. Moore alitaka kuonyesha kwamba wenzake hawasomi wanachokipigia kura, akafaulu kupita matarajio, kisha akaliondoa.

Sasa mjue mkubwa wako. Naibu Gavana wa Texas si naibu wa mtu. Ndiye anayeongoza Seneti, anayeteua wenyeviti wa kamati, anayeamua muswada uende kamati gani na nani apewe nafasi ya kusema. Tangu 2015 ni Dan Patrick. Ukimuudhi, muswada wako utapelekwa kwenye kamati ambayo mwenyekiti wake ana shughuli nyingi mpaka Juni.

Halafu kuna ua. Kanuni zinasema miswada ijadiliwe kwa mpangilio ilivyotoka kamatini. Kwa hiyo kila kikao huwahishwa muswada mmoja usiokusudiwa kupita kamwe, mara nyingi wa kupendezesha bustani za kaunti, ukae juu ya orodha ukiziba njia. Kila mwingine anayetaka wake ujadiliwe lazima aombe kura ya kuruka foleni. Zamani kura hiyo ilihitaji maseneta 21 kati ya 31, yaani wachache walikuwa na sauti. Mwaka 2015, Republican wakiwa 20, idadi ikashushwa hadi 19. Mwaka 2021, wakiwa wamebaki 18, ikashushwa hadi 18. Hesabu hizo usiulize zilipatikanaje. Bustani za kaunti, kwa upande wake, bado zinasubiri kupendezeshwa.

Ukiwa upande wa wachache, silaha yako ni saa ya ukutani. Simama useme mpaka muda uishe. Huruhusiwi kukaa, kuegemea meza, kula, kunywa wala kwenda msalani, na lazima usitoke nje ya mada. Ukionywa mara ya tatu unaweza kunyamazishwa. Bill Meier alisema kwa saa 43 mwaka 1977. Juni 25, 2013, katika kikao maalumu, Wendy Davis alivaa raba za rangi ya waridi akasimama saa 11 hivi kuupinga muswada wa kubana utoaji mimba. Onyo moja lilitokana na mwenzake kumsaidia kufunga mkanda wa mgongo. Aliponyamazishwa, wananchi kwenye roshani walipiga kelele hadi saa sita ya usiku ikapita, na kura ikahesabiwa kuwa imechelewa. Ushindi mkubwa. Gavana Rick Perry akaitisha kikao kingine maalumu, na Julai muswada ukapita. Iliyoziangusha hatimaye sehemu zake kuu ni Mahakama ya Juu ya Marekani, mwaka 2016. Kwa hiyo chagua viatu vizuri, lakini weka na wakili.

Miguu ikishindwa kusimama, itumie kukimbia. Akidi ni maseneta 21, hivyo 11 mkitoweka hakuna kikao. Mwaka 1979 maseneta 12 walijificha siku kadhaa, wengi wao ndani ya chumba kidogo Austin, wakaitwa Nyuki Wauaji, huku askari wa Texas Rangers wakiwasaka jimbo zima. Askari walifanikiwa kumkamata mtu mmoja, wakamfikisha Austin, ndipo wakagundua kwamba si Seneta Gene Jones bali ndugu yake. Mwaka 2003 maseneta 11 walivuka hadi Albuquerque, New Mexico, kupinga ramani mpya ya majimbo ya uchaguzi. Baada ya wiki kadhaa mmoja akarudi, akidi ikatimia, ramani ikapita. Aliyerudi, John Whitmire, ndiye meya wa Houston tangu 2024. Ukikutana naye, msalimie tu.

Mwisho wa Mei au mwanzoni mwa Juni mtakumbatiana na kwenda nyumbani. Hapo ndipo kazi yako inapopimwa, nawe haupo. Gavana ana siku 20 baada ya kikao kufungwa za kutia saini au kupiga kura ya turufu, na Bunge lililotawanyika haliwezi kumjibu. Mara ya mwisho Bunge la Texas kuibatilisha turufu ya gavana ilikuwa 1979.

Kwa siku hizo 20 pia sheria inakukataza kupokea michango ya kisiasa, kama ilivyokukataza tangu siku 30 kabla ya kikao kuanza. Mkono mtupu haulambwi, nao washawishi wanajua tarehe vizuri kuliko wewe. Siku ya 21 washa simu.