Mwongozo kwa Anayetaka Kupimana Ubavu na Jangwa la Arizona

Jangwa halishindani na mtu. Wewe peke yako ndiye uliyekuja umevaa jezi. Njia ya Arizona inakatiza jimbo zima la Marekani, kutoka mpaka wa Meksiko hadi mpaka wa Utah, kilomita zipatazo 1,290, na haikutengenezwa ili mtu apate medali. Mwaka 1985 mwalimu wa Flagstaff, Dale Shewalter, alitembea kwa miguu kutoka mji wa Nogales, mpakani mwa Meksiko, hadi Utah, akitafuta namna ya kuziunganisha njia za zamani ziwe moja. Baada ya hapo akaingia kwenye kazi ngumu kuliko kutembea, yaani kuwashawishi watu. Chama cha njia hiyo kilianzishwa mwaka 1994, serikali kuu ikaitambua rasmi kuwa njia ya taifa mwaka 2009, na kipande cha mwisho, kwenye makorongo ya mto Gila, kikakamilika Desemba 2011. Shewalter alikuwa ameshafariki Januari 2010. Ukitaka kupimana ubavu na mtu, anza na mwalimu huyo.

Sasa fungasha. Aliyesikia neno jangwa akabeba kofia na fulana tupu ataadhirika siku ya kwanza, kwa sababu njia inaanza kwa kukupandisha milima ya Huachuca, juu ya mita 2,600, ambako mwezi Machi theluji ni jambo la kawaida. Baadaye itakushusha hadi mita 500 na ushei kwenye mto Gila, ambako jua halina mzaha. Ndiyo maana wanaokwenda kaskazini huanza Machi, na wanaokwenda kusini husubiri majira ya joto yapite. Ukiwa umechagua Juni kwa sababu ndipo likizo yako ilipoangukia, badilisha likizo. Julai huleta mvua za radi, na korongo lililokuwa kavu asubuhi linaweza kushuka na maji na magogo alasiri, hata kama juu yako hakuna wingu. Usipige hema ndani ya korongo, hata mchanga wake uwe laini namna gani.

Tuje kwenye maji, na hapa nyamaza usikilize. Lita moja ni kilo moja, na kuna vipande ambavyo utabeba lita nne, tano, hata sita. Utalalamika asubuhi, jioni utaibusu chupa. Maji yenyewe mara nyingi ni ya ng'ombe: malambo na mabirika ya kunyweshea mifugo, kwa kuwa njia inapita katikati ya machunga. Lambo la Aprili lina rangi ya majani, kingoni kuna alama za kwato, na juu kuna utando ambao sitauelezea wakati wa chakula. Utakunywa. Funga kitambaa mdomoni mwa chupa kuzuia takataka, chuja kwa kichujio, na ikibidi tia dawa, kisha mshukuru mfugaji aliyelichimba. Ukikuta lango la seng'enge limefungwa, lifunge nyuma yako. Likiwa wazi, liache wazi. Ng'ombe wakipotea kwa uvivu wako, watakaolaumiwa ni wasafiri wote wanaokuja nyuma yako.

Penye barabara utakuta masanduku ya chuma, ndani yake madumu ya maji. Mengine yameachwa na wenyeji wema kwa yeyote apitaye. Mengine yameandikwa jina na tarehe. Lenye jina usiliguse. Mwenye dumu lile amepiga hesabu ya uhai wake akiliwazia, na atakuja kesho kutwa midomo imekauka. Nimeona watu wakibishana juu ya mambo mengi ya safari, lakini hili halina mjadala: kuiba maji jangwani ni kumwibia mtu uhai.

Beba chanuo. Si la nywele. Kuna mpungate uitwao cholla ambao vipande vyake hukatika kwa kuguswa tu na kung'ang'ania ngozi, miiba yote kwa pamoja. Ukivuta kwa mkono wa pili, sasa una mikono miwili iliyonasa. Ingiza meno ya chanuo kati ya kipande na ngozi, geuza uso, kisha bandua kwa mkupuo mmoja kuelekea pasipo na mwenzako. Waendesha baiskeli, ninyi mtapokewa na mbigili, zilezile za uwanjani kwenu, zilizofika Marekani na kuota kama zimealikwa. Tieni dawa ya kuziba pancha ndani ya tairi kabla ya kuondoka.

Saguaro, ile mipungate mirefu kama nguzo, ukiiona ina mikono ujue umesimama mbele ya mzee: wengi hufikisha miaka hamsini, sabini na zaidi kabla ya mkono wa kwanza kuchipua. Watohono O'odham, ambao huchuma matunda yake kwa miti mirefu kila kiangazi kinapopamba moto, humhesabu saguaro kuwa mtu. Basi usimchonge jina lako. Sheria ya jimbo inamlinda, lakini adabu ingetosha.

Njia hii ni ya watembea kwa miguu, wapanda farasi na baiskeli; pikipiki na magari hayaruhusiwi. Baiskeli humpisha kila mtu. Mtembea kwa miguu humpisha farasi. Farasi hampishi yeyote, na ana sababu: akikuona umejibanza kichakani na mzigo mkubwa mgongoni, anakuhesabu kuwa mnyama wa kumla. Simama upande wa bondeni, msalimie mpandaji kwa sauti ya kawaida, uendelee kuzungumza mpaka wapite.

Kwenye maeneo yaliyohifadhiwa chini ya sheria ya nyika ya mwaka 1964 baiskeli ni marufuku, kwa hiyo waendeshaji huzunguka. Kwenye Grand Canyon hakuna pa kuzunguka kirahisi. Kanuni ni kwamba magurudumu yasiguse ardhi humo ndani. Unaifungua baiskeli, unaifunga mgongoni pamoja na hema na chakula, unashuka karibu mita 1,450 hadi mto Colorado, kisha unapanda zaidi ya mita 1,700 upande wa pili, takriban kilomita 34 kwa jumla. Funga pedali zisikuchome mbavu, na utakapokutana na nyumbu wa mizigo, wapishe hata wao.

Kaskazini njia inaishia kwenye kambi ndogo mpakani mwa Utah. Hakuna basi. Panga usafiri kabla hujaondoka nyumbani, na mwambie dereva aangalie hali ya hewa: barabara ya House Rock Valley ni ya udongo, na mvua ikinyesha inakuwa utelezi usiopitika mpaka ikauke.