Popi na Maji ya Delta

Mbwa haingii hivi hivi katika nyumba ya Wandengereko. Bibi alimkubali Popi kwa sababu ya nguruwe tu. Shamba letu la mpunga liko ndani ya Delta ya Rufiji, na masuke yakishatoka, nguruwe pori huja usiku, ngedere huja mchana, na kiboko huja anapotaka. Mjomba alipomleta yule mtoto wa mbwa, mwekundu wa masikio marefu, Bibi alitoa masharti papo hapo uani: asilale ndani, asiguse chombo cha kulia watu, na akitimiza miezi mitatu achanjwe kichaa cha mbwa. Hilo la mwisho alilisisitiza. Aliwahi kumwona mgonjwa wa kichaa akipigwa na mshtuko kwa kuonyeshwa kikombe cha maji tu, na hataki kukiona tena kitu kile.

Maji yenyewe hakuna aliyeyatolea sharti, na maji ndiyo yaliyotuletea visa.

Ilikuwa kiangazi, kaskazi inavuma, na joto la Kibiti mwezi wa kwanza linajulikana. Tulitoka Nyamisati kwa mtumbwi kwenda shambani: Mjomba nyuma na pondo, Mama katikati na mfuko wa unga, Popi mbele kabisa akinusa upepo. Tulipoingia kwenye mkondo mwembamba kati ya mikoko, yangeyange akaruka kutoka kwenye tawi. Popi naye akaruka. Mtumbwi ulilala ubavu, unga ukalowa wote, simu ya Mama iliyofungwa kwenye pindo la kanga ikaenda na maji, na Mjomba akachomeka pondo kwa nguvu ili tusipinduke sote.

Popi aliogelea vizuri hadi ukingoni. Lakini maji yalikuwa yanakupwa, na ukingo wenyewe ulikuwa tope tupu. Kila alipopiga miguu alizidi kuzama, hadi tope likamfika kifuani. Mama akapiga kelele, "Shuka ukamtoe!" Mjomba hakushuka. Mtu akisimama kwenye tope lile huzama na yeye, na mizizi ya mikoko imejaa chaza wenye kingo za kuchana nyama. Alitandaza mbao za sakafu ya mtumbwi juu ya tope, akalala kifudifudi, akajisogeza pole pole, akamvuta kwa ngozi ya shingo na miguu ya mbele. Alirudi naye, unyayo umechanika na tumbo limejaa maji ya chumvi.

Usiku ule Popi alitapika na kuharisha. Afisa mifugo tuliyempigia kwa simu ya Mjomba alisema tumpe maji yasiyo na chumvi kidogo kidogo, si bakuli zima kwa mkupuo, tumwoshe chumvi mwilini na tumkaushe masikio. Halafu akauliza swali lililobadilisha mambo nyumbani: "Siku za kawaida anakunywa wapi?"

Anakunywa wapi? Mtoni. Wakati wa kiangazi mto hupungua nguvu, bahari ikausukuma, na maji uliyoyateka matamu wiki iliyopita leo yana chumvi. Mbwa mwenye kiu huyanywa hivyo hivyo. Kibaya zaidi, huyafuata palepale kila jioni, na mamba hukariri mahali na saa. Mbwa wa jirani alichukuliwa hivyo, kwenye kijito cha maji matamu, hatua chache tu kutoka pale wanawake walipochomeka fito kuzunguka sehemu ya kuteka. Fito zile zinawalinda watu. Mbwa hupita pembeni.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ya mto iko uani. Hapo ndipo Mama na Bibi walipokwaruzana, maana Mama alishika sufuria kuukuu na Bibi akamzuia mkono. Katika dini yetu ya Kiislamu mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mjomba alikata dumu la lita 20 kwa urefu, akalichimbia chini ya mwembe lisipinduliwe. Bibi alilitazama, kisha akatukumbusha habari ya yule aliyesamehewa madhambi yake kwa kumteremkia mbwa kisimani na kumtekea maji kwa kiatu. "Maji ya huyu nitayaweka mimi," alisema. Na anayaweka, asubuhi na alasiri.

Mengine yalifuata. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hujipoza kwa kuhema, kwa hiyo safari za shambani sasa ni alfajiri au jua likishapoa. Akianza kuyumba, ulimi umeiva na mate yanamdondoka, huwekwa kivulini, akamwagiwa maji tumboni na nyayoni na kupepewa, bila kumlazimisha kunywa. Samaki bunju akinasa kwenye wavu hufukiwa shimoni, hatupwi bandarini. Sumu yake haina dawa ya kuiondoa; hulegeza miguu kwanza, kisha pumzi. Kwa hili nawasihi wavuvi wote wa delta, maana pale bunju wanapotupwa hucheza watoto pia.

Mjomba akamshonea Popi jaketi okozi kwa kiroba na maboya ya wavu mkongwe. Kilicho muhimu ni mpini mgongoni: ukiushika, unamnyanyua mzima mzima bila kuinamisha mtumbwi. Naye hakai tena mbele. Hukaa katikati, miguuni pa Mama, ambaye bado anaikumbuka simu yake.

Kisha ikaja masika ya 2024. Mto ulifurika, mashamba na nyumba zikazama Rufiji na Kibiti, Muhoro ikiwemo. Bibi alizaliwa na kukulia bondeni, kabla serikali haijawahamishia watu vijiji vya juu mwishoni mwa miaka ya 1960, na anajua mafuriko huweza kuingia usiku. Alichouliza kwanza ni kama Popi amefungwa. Alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya dungu, kibanda chetu cha juu cha kulindia shamba, na maji yalishamfika tumboni Mjomba alipofika kumkata kamba. Mbwa anayeogelea vizuri hufa kwa kamba fupi.

Dungu letu sasa lina ubao mpana wenye vijiti vya kukanyagia kando ya ngazi, kwani ngazi ya fito mbwa haipandi. Mvua za masika zikianza Popi hafungwi tena usiku. Mchana kamba yake hufungwa fundo la kuvuta mara moja, na hata kitinda mimba wetu anajua kulifungua.